AA, SMART Recovery au LifeRing? Kuchagua mkutano wa kuacha pombe

Wengi wanaotafuta mkutano wa kuacha pombe huanza na jina la kikundi (AA, SMART Recovery, LifeRing: vikundi vya watu wanaosaidiana kuacha pombe), na mara wanajikuta wanabishania jina. Huyu anasema AA ni mambo ya dini, yule anasema bila AA hutoboi. Mimi ningeanzia kwingine: saa yako mbaya ni ipi? Kuna anayeshikwa na kiu kila jioni akitoka kazini. Kuna wa usiku wa manane, peke yake chumbani. Kuna wa siku ya mshahara. Na kuna anayekaa miezi mitatu bila tone, kisha ugomvi mmoja wa nyumbani unamrudisha kwenye chupa.

Mkutano wenyewe ni saa moja, au moja na nusu. Muhimu ni kile unachotoka nacho mlangoni, kitakachokuwa mkononi mwako saa ile ikifika. Ukivipima kwa kipimo hicho, vikundi hivi vinatofautiana sana.

Kabla ya yote, kama unakunywa kila siku na asubuhi mikono inatetemeka mpaka uzimue, usiache ghafla kwa sababu tu umepata mkutano. Mwili uliozoea pombe huanza kudai ndani ya saa 6 hadi 24 baada ya kinywaji cha mwisho. Degedege linaweza kuja ndani ya siku mbili za mwanzo, na hali ya kuweweseka na kuona visivyokuwepo kwa kawaida huingia kati ya siku ya pili na ya nne. Hali hiyo huua. Muone daktari kwanza, zipo dawa za kukuvusha siku hizo. Mkutano utaukuta palepale.

Ndani ya AA

Alcoholics Anonymous, inayojulikana zaidi kwa kifupi AA, ilizaliwa katika saa mbaya ya mtu. Mwaka 1935 Bill Wilson, mtu wa biashara ya hisa, alikuwa Akron, Ohio, Marekani, kikazi. Dili lilikuwa limekufa, na yeye alikuwa na miezi michache tu tangu aache pombe. Akiwa kwenye ukumbi wa hoteli, baa ikimwita upande mmoja, aliamua kupiga simu huku na huko akitafuta mlevi mwenzake wa kuzungumza naye. Simu hizo zilimfikisha kwa daktari wa upasuaji, Bob Smith. Leo mikutano ya AA hufanyika katika nchi zipatazo 180, na kiini chake bado ni kilekile: mlevi anampigia mlevi mwenzake kabla hajanywa.

Ukiingia mkutano wa kawaida, mwenyekiti wa siku hiyo ni mwanachama kama wengine, halipwi. Anafungua kwa maneno ya utangulizi, halafu husomwa Hatua Kumi na Mbili, yaani mwongozo wa AA wa kuacha pombe hatua kwa hatua, au kipande cha kitabu chao kilichotoka 1939. Anauliza kama kuna mgeni. Kisha watu wanazungumza kwa zamu. Anayeanza husema, "Naitwa fulani, mimi ni mlevi," na chumba kizima humwitikia kwa jina lake. Anasimulia alivyokuwa, kilichomkuta, na alivyo sasa. Hakatizwi, hajibiwi, hashauriwi. Akimaliza wanamshukuru na zamu inahamia kwa mwingine. Kikapu cha michango kinapita; mgeni hatarajiwi kutoa chochote, na kikundi hakipokei fedha kutoka nje. Wengi hufunga kwa sala fupi ya pamoja.

Huko kutojibiwa ndiko kunakowagawa watu. Aliyetoka kwenye nyumba ambako kila akifungua mdomo anahojiwa, "Ulikuwa wapi? Umekunywa ngapi?", hupumua kwa mara ya kwanza baada ya miaka. Lakini mwingine atasimulia jambo linalomkaba koo, watu watamshukuru, na atarudi nyumbani na swali lake vilevile alivyokuja nalo. Kama wewe ni wa namna ya pili, ujue kwamba mazungumzo ya kweli ya AA mara nyingi hufanyika baada ya mkutano, watu wamesimama mlangoni. Anayeondoka mbio mara tu sala ikiisha hukosa nusu ya alichofuata.

Ile sentensi ya "mimi ni mlevi" imewazuia wengi hata kuvuka kizingiti. Haipaswi. Sharti la uanachama ni moja tu, hamu ya kuacha kunywa, na hakuna anayekupima hamu hiyo. Ukisema, "Naitwa fulani, leo nitasikiliza," yatosha.

Suala la Mungu ni zito zaidi. Hatua zinataja Nguvu iliyo kuu kuliko sisi, na zinamtaja Mungu "kama tulivyomwelewa". Cha kuchekesha ni kwamba maneno haya hayaridhishi pande zote mbili: muumini thabiti huona yamelegea mno, asiyeamini huona ni ibada iliyovuliwa joho. Ila kila kikundi cha AA kinajitawala, na vipo vya wasioamini visivyo na sala kabisa. Kwa hiyo mikutano miwili ya AA, hata kama imepakana ukuta, inaweza kukuacha na picha mbili zisizofanana.

Na hata ndani ya AA kuna kuchagua. Mkutano wa wazi anaweza kuingia yeyote, hata ndugu yako aliyekusindikiza. Wa ndani ni wa wenye tatizo la pombe tu. Upo ambao mtu mmoja anasimulia maisha yake kwa kirefu na wengine mnasikiliza, upo wa majadiliano, upo wa kuchambua hatua mojamoja, upo wa wanaoanza. Kwa siku ya kwanza ningemshauri mtu aende ule wa msimulizi mmoja, au wa wanaoanza. Wa kuchambua hatua unaweza kumfanya mgeni ajione amechelewa darasani.

Sasa, mlangoni unatoka na nini? Unatoka na namba za simu. Na ukikaa muda, unapata mdhamini: mwanachama mzoefu anayekuongoza kupitia hatua na ambaye unaweza kumwamsha usiku. Desturi iliyozoeleka ni kuchagua mdhamini wa jinsia yako, au, kwa anayevutiwa na watu wa jinsia yake, mtu ambaye mapenzi hayawezi kuingia kati yenu. Desturi hiyo ina sababu zake, na nitazigusa mbele.

Ndani ya SMART Recovery

SMART Recovery ilianza kutumia jina hilo 1994, na imejengwa juu ya saikolojia, hasa kazi ya mwanasaikolojia Albert Ellis kuhusu namna fikra zinavyozaa hisia na matendo. Haina hatua kumi na mbili. Ina nguzo nne: kujenga na kulinda nia ya kubadilika, kukabiliana na hamu, kusimamia mawazo, hisia na mienendo, na kuishi maisha yenye mizani. Anayeongoza ni mwezeshaji aliyepewa mafunzo, na huenda yeye mwenyewe hajawahi kuwa na shida ya pombe. Hutakiwi kujiita mlevi. Hakuna mdhamini. Na watu wanajibizana: ukisema kitu, mwenzako anaweza kukuuliza, "Halafu ukafanyaje?"

Tuseme umefika na hili: kuna mtu kazini kakudharau mbele ya wenzako, jioni ukaishia kunywa. Wewe unaona dharau ndiyo iliyokunywesha. Mwezeshaji ataandika ubaoni mambo matatu. Kwanza tukio: nimedharauliwa. Mwisho matokeo: nimelewa. Kisha atauliza katikati palikuwa na nini. Ukijikamua utakuta sentensi, kwa mfano, "Siwezi kuivumilia dharau hii bila glasi moja." Hapo chumba kinaanza kuihoji sentensi hiyo, wala si wewe. Ni kweli huwezi? Mara ngapi umedharauliwa ukiwa huna pombe karibu, na ukafika asubuhi? Nani kasema dharau lazima iishe leo usiku? Taratibu sentensi inapoteza nguvu, na unatoka na nyingine ya kuishika mahali pake.

Zana nyingine ni karatasi iliyogawanywa vyumba vinne: faida za kunywa, hasara za kunywa, faida za kutokunywa, hasara za kutokunywa. Chumba cha kwanza kinawashangaza wengi, kwa sababu wamezoea kuambiwa pombe haina faida yoyote. Ukikijaza bila aibu, utaona unachokitafuta kwenye pombe (usingizi, ujasiri, kusahau), na hapo ndipo unaweza kukitafutia njia nyingine. Baadaye unaweka alama: hii ni ya muda mfupi, hii ni ya kudumu. Faida za kunywa karibu zote huangukia muda mfupi.

Tofauti moja watu huigundua wakiwa wameshakaa: SMART inapokea kila aina ya uraibu. Wa kiti cha pili huenda anahangaika na kamari au dawa za kulevya. Wengine hili huwapanua mawazo, wengine huhisi hawajakutana na mtu wa kwao. AA haitoki kwenye pombe.

Ukiziweka pamoja

Kwa anayelemewa usiku wa manane, sioni kinachoishinda AA. Saa nane usiku kichwa kikiwa kimevurugika, karatasi ya vyumba vinne ni kazi ngumu. Sauti ya mtu anayekwambia, "Usiikate simu, zungumza nami," ni kitu kingine kabisa. Lakini mtandao wa simu ni watu, na watu huchoka, husafiri, wengine hurudia pombe. Chukua namba nyingi. Na uanze kuzipiga siku ambayo huna shida, maana simu ya kwanza ndiyo nzito.

Kwa anayeangushwa na siku ya mshahara, au na hasira, SMART ina mkono mzuri zaidi. Saa hizo zinajulikana mapema, hivyo unaweza kukaa na wenzako mkazipangia: fedha zipite wapi, urudi nyumbani na nani, ukiulizwa "hunywi?" ujibu nini. Udhaifu wake ni kwamba inakutaka ufanye kazi ya nyumbani. Mtu asiyependa karatasi wala kujichambua ataiona kama shule.

Kwa wa kila jioni, ningesema angalia saa kabla ya jina. Mkutano wowote ulioko wakati uleule uliozoea kunywa unakutolea saa hiyo mikononi mwa pombe. AA ina desturi ya kuwahimiza wanaoanza kuhudhuria mikutano 90 ndani ya siku 90, na hilo linawezekana kwa sababu mikutano yake ni mingi kuliko ya vikundi vingine vyote. SMART mara nyingi utaipata mara moja kwa wiki, kama ipo karibu.

Kuna pia suala la muda wa kubaki. Wana-AA wengi huhudhuria maisha yao yote na hawaoni haja ya kuhitimu. SMART haikushangai ukiondoka baada ya mwaka ukiona umesimama. Ukiwa mtu wa kuogopa kufungwa, la pili litakupa nafuu. Ukiwa mtu wa kudanganyika kwamba umepona, la kwanza ni salama.

Ushahidi je? Mapitio ya 2020 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, yaliyokusanya tafiti 27 zenye washiriki zaidi ya 10,000, yalionyesha kwamba waliounganishwa na AA kwa programu maalumu walikaa bila pombe kabisa kufikia mwaka kwa asilimia 42, dhidi ya 35 kwa waliopata tiba nyingine kama ile ya kubadili fikra. Si pengo la kupuuza, wala si la kumlazimisha mtu. Utafiti mwingine wa Marekani uliochapishwa 2018 ukawafuata kwa mwaka mzima wanachama wa vikundi vya hatua 12, SMART, LifeRing na Women for Sobriety (hivi viwili vya mwisho nitavigusa hapa chini). Ulichokiona ni kwamba kushiriki kwa bidii kulisaidia katika vikundi vyote, na tofauti iliyojitokeza ilihusiana sana na jambo moja: mtu aliingia akiwa ameazimia kuacha kabisa, au alikuwa anataka kupunguza tu.

Wengine, kwa ufupi

LifeRing ni ya wanaotaka kuacha kabisa lakini hawataki dini wala hatua. Mkutano mzima unazunguka swali moja: wiki yako ilikuwaje? Mnajibizana kwa upole, mnatazama na wiki ijayo ina mitego gani, basi. Kila mtu anajitengenezea programu yake. Ukiwa hupendi sala za AA wala ubao wa SMART, jaribu hapa.

Women for Sobriety ilianzishwa 1975 na Jean Kirkpatrick, baada ya kuona kwamba mwanamke mlevi hufika mkutanoni tayari ameshapondwa na aibu, na kumwambia ajishushe zaidi hakumsaidii. Ina kauli 13 za kujijenga, na mwanachama hujitambulisha kama mwanamke mwenye uwezo. Kwa mwanamke aliyeumizwa na wanaume, kukaa kwenye chumba kisicho na mwanamume ni hitaji la msingi. AA nayo ina mikutano ya wanawake peke yao.

Celebrate Recovery, iliyoanza 1991 katika kanisa la Saddleback, California, ni ya Kikristo waziwazi. Yesu anatajwa kwa jina, na vikundi vya kuzungumza hutenganisha wanaume na wanawake. Recovery Dharma, ya 2019, inafuata mafundisho ya Kibudha, na sehemu kubwa ya mkutano ni kutafakari kimya.

Moderation Management ni ya wanaotaka kupunguza, na hata yenyewe hupendekeza uanze na siku 30 bila pombe. Hizo siku 30 ni mtihani mzuri. Ukizimaliza kwa raha, huenda unafaa hapo. Ukiona hutimizi hata wiki, basi chovya chovya humaliza buyu la asali, nenda kwenye kikundi cha kuacha kabisa.

Mtandaoni au ana kwa ana

Mikutano ya mtandaoni ina jambo moja lisiloshindika: karibu saa yoyote ya usiku au mchana kuna chumba cha AA kilichofunguliwa mahali fulani duniani. Kwa mwenye mtoto mchanga, mgonjwa, au anayeogopa kuonekana akiingia kwenye jengo fulani, hii ni njia ya kuanzia. Unazima kamera, unaficha jina, unasikiliza.

Lakini kwenye skrini hakuna anayekunusa. Unaweza kuwa na kikombe mkononi na kuitikia pamoja na wenzako. Wala hakuna anayekuzuia mlangoni akuulize hali. Ndiyo maana ningeutumia mtandao kwa saa mbaya na chumba cha ana kwa ana kwa uhusiano, angalau mara moja kwa wiki. Na vaa vifaa vya masikioni. Siri za wenzako zisisikike sebuleni kwako.

Ukishakaa, tazama haya

Mkutano mmoja hautoshi kutoa hukumu. Nenda kadhaa, na kwenye vikundi tofauti vya jina lilelile. Wakati unasikiliza, angalia wanavyompokea aliyerudia pombe. Akisema, "Jana nilikunywa," na watu wakamkaribisha kukaa, umefika mahali pazuri. Akisemwa, au wakitazamana, tafuta kwingine, maana siku moja huenda ni wewe.

Ondoka mara moja ukiambiwa uache dawa ulizoandikiwa na daktari, ziwe za msongo au zile za kupunguza hamu ya pombe kama naltreksoni. Msimamo wa AA yenyewe ni kwamba mwanachama asijifanye daktari. Anayekwambia vinginevyo anasema yake. Ondoka pia ukiona yaliyosemwa chumbani yanazungumzwa nje, au ukiombwa fedha binafsi.

Na lipo la wazoefu wanaowanyemelea wageni kimapenzi. Lipo, na linajulikana kiasi cha wanachama wenyewe kulitania kuwa ni hatua ya 13. Mgeni wa wiki ya kwanza ni mtu asiye na ngozi; anayemtongoza hapo hamtakii mema. Mwambie mwenyekiti, au hama mkutano. Kuhama mkutano si kuacha safari.

Unaweza pia kuchanganya. Wapo wanaokwenda AA kwa ajili ya watu na SMART kwa ajili ya zana, na hakuna kikundi kati ya hivi kinachokukataza kingine.

Kama unasoma haya kwa niaba ya mtu wako, mume, dada au mtoto, mkutano wa ndani wa AA haukuhusu, ila wa wazi unaruhusiwa kuuhudhuria hata kama yeye hataki kwenda. Mahali pako hasa ni Al-Anon, iliyoundwa 1951 kwa ajili ya familia na marafiki wa walevi. Alateen ni tawi lake la vijana. Huko hamtajadili namna ya kumwachisha pombe. Mtajadili usingizi wako, fedha zako, na uongo unaomsemea kazini kwake kila Jumatatu.